Kuchagua sehemu ya picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaojifunza kuhariri picha kwenye kompyuta. Mengi nimeyajibu tena na tena hadi nikajua ni wapi mtu hukwama. Mifano inatoka Photoshop na GIMP kwa sababu ndizo ninazofungua kila siku. Ukitumia Krita, Photopea au programu nyingine, zana ni zilezile hata kama vitufe vinatofautiana.

Kuchagua ni nini hasa?

Ni kuiambia programu: shughulika na hapa tu, kwingine paache. Ukichagua midomo ya mtu kisha ukaongeza wekundu, wekundu unaishia midomoni na mashavu hayaguswi.

Hilo ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowasumbua wengi. Watu hudhani uteuzi ni mstari, kwamba kilicho ndani kimechaguliwa na kilicho nje hakikuchaguliwa. Sivyo ulivyo. Programu huipa kila pikseli, yaani kila kidoti kinachounda picha, namba yake, kuanzia 0 hadi 255 katika picha ya biti 8. Sifuri maana yake haikuchaguliwa kabisa, 255 imechaguliwa yote, na 128 imechaguliwa nusu. Ukifuta, pikseli yenye 128 itafutika nusu na kubaki kama ukungu kwenye kioo. Kwa hiyo uteuzi wenyewe ni picha ya kijivu iliyolala juu ya picha yako: nyeupe palipochaguliwa, nyeusi pasipochaguliwa, kijivu hapo kati. Nakuomba ulishike hili kabla ya kushika zana yoyote, maana kila kitu hapa chini kinatoka kwake.

Basi ile mistari inayotembeatembea inaonyesha nini?

Hao ni siafu, na wanaitwa hivyo kwa jinsi vidoti vyao vinavyoandamana. Bill Atkinson wa Apple aliwatumia katika MacPaint, programu ya kuchora iliyotoka mwaka 1984, na tangu hapo karibu kila programu ya picha imewaiga.

Shida ni kwamba siafu hupita pale tu uteuzi unapofika nusu. Pikseli iliyochaguliwa asilimia 40 iko nje ya mstari wao, lakini ukipaka rangi itapakwa na ukifuta itafutika. Ndiyo maana Photoshop wakati mwingine hukuonya kwamba hakuna pikseli iliyochaguliwa zaidi ya asilimia 50. Uteuzi upo, ila siafu hawana pa kupita.

Ukitaka kuuona uteuzi kama ulivyo, bonyeza Q kwenye Photoshop au Shift+Q kwenye GIMP. Sehemu ambazo hazikuchaguliwa zitafunikwa na utando mwekundu, na pale uteuzi unapofifia utaona wekundu nao unafifia. Hapo unaweza kuchukua brashi ukarekebisha kwa mkono: rangi nyeusi inapunguza, nyeupe inaongeza. Mimi hubonyeza Q karibu kila baada ya dakika chache.

Nianze na zana gani?

Usitazame kitu unachotaka kukichagua, tazama ukingo wake. Kikombe cha udongo kina ukingo mkali, uliopinda taratibu. Hicho ni kazi ya kalamu. Anga tupu la bluu halina vitu vingi ndani yake. Hilo ni la fimbo ya uchawi au la kuchagua kwa rangi. Paka mwenye manyoya hana ukingo mmoja, anao elfu, na kalamu itamfanya aonekane kama amekatwa kwa mkasi. Paka huyo ni wa maski na brashi; maski ni ile picha ya kijivu ikibandikwa kwenye leya, yaani tabaka la picha, ili ifiche sehemu bila kuifuta.

Kitanzi cha mkono huru ni cha kuzungushia haraka eneo ambalo utalilainisha baadaye, kwa mfano unapotaka kung'arisha uso kidogo. Kwa mistari iliyonyooka kama dirisha au boksi, tumia kitanzi cha pembe, kile unachobonyeza kona hadi kona.

Kalamu wengi huikimbia kwa sababu siku za kwanza inachosha. Inachora mikunjo ya Bézier, iliyopewa jina la mhandisi Pierre Bézier wa Renault aliyeitumia miaka ya 1960 kubuni miili ya magari, na ukijua asili hiyo utaelewa kwa nini inakaa vizuri sana kwenye vitu vilivyotengenezwa kiwandani. Siri yake ni kuweka nukta chache. Mduara unatosheka na nukta nne. Ukiona umeweka thelathini kwenye kikombe, futa uanze tena, na kila nukta iweke pale mkunjo unapogeuza mwelekeo.

Fimbo ya uchawi inachukua kidogo mno, au inavuka mipaka. Nifanyeje?

Fimbo hufanya jambo moja tu: inasoma rangi ya pikseli uliyobonyeza, kisha inachukua pikseli jirani zinazofanana nayo. Zifanane kiasi gani? Hilo unaliamua wewe kwa namba ya tolaransi. Photoshop huja ikiwa imewekewa 32, GIMP huja na 15, na mwisho wake ni 255.

Chukua anga. Juu ni bluu nzito, chini karibu na upeo ni bluu iliyochujuka kama maji ya maziwa. Ukibonyeza juu kwa tolaransi ya 32, siafu watasimama katikati ya anga. Wengi hapo hupandisha namba hadi 90, na ghafla ukuta wa nyumba wenye rangi ya kijivu nao unaingia. Rudisha namba chini, hata 20, kisha shikilia Shift na ubonyeze mara ya pili, ya tatu, ya nne, ukishuka nalo anga hadi chini. Kubonyeza mara nyingi kwa namba ndogo kunakupa ukingo safi kuliko mara moja kwa namba kubwa.

Halafu kwenye Photoshop kuna kisanduku cha kuchagua pikseli zinazogusana tu. Kikiwa kimewashwa, vipande vya anga vinavyochungulia katikati ya majani ya mti vitaachwa, kwa sababu majani yamevitenga. Kizime, na vyote vitaingia. Kama picha ina chembechembe nyingi, hapohapo kwenye Photoshop iambie zana isome wastani wa pikseli 3 kwa 3 au 5 kwa 5 badala ya pikseli moja, maana huenda hiyo moja uliyoigusa ni chembe yenye rangi ya peke yake.

Mbona kingo zangu zina menomeno hata nikiwa makini?

Mara nyingi kosa ni la faili. JPEG huigawa picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kuvibana kila kimoja kivyake, na kwa kawaida huhifadhi taarifa za rangi kwa ukubwa mdogo kuliko taarifa za mwanga. Macho hayalioni hilo, lakini zana inayochagua kwa rangi inaliona. Kuza picha hadi asilimia 400 pembeni ya kitu chekundu, utaona wekundu umemwagika nje ya mstari wake. Ukipata faili ghafi ya kamera, chagulia humo kabla ya kubana chochote. Na picha iliyotumwa na kutumwa tena kwenye simu, usiipotezee muda wa fimbo. Izungushie kwa kalamu.

Naongeza au kupunguza vipi bila kuanza upya?

Shift inaongeza, kwenye programu zote mbili. Kupunguza ni Alt kwenye Photoshop na Ctrl kwenye GIMP. Ukishikilia vyote viwili, yaani Shift pamoja na hicho cha kupunguza, unabaki na pale tu uteuzi wa zamani na mpya unapokutana. Bonyeza kitufe kabla hujaanza kuburuta, la sivyo uteuzi wa zamani utapotea. Ukipotea, Ctrl+Z.

Kugeuza uteuzi, kilichochaguliwa kiwe kisichochaguliwa, ni Ctrl+Shift+I kwenye Photoshop na Ctrl+I kwenye GIMP. Hili ni jambo dogo linalookoa saa nzima: kama kitu ni kigumu na mandhari yake ya nyuma ni rahisi, chagua mandhari, kisha geuza.

Nilainishe kingo kwa kiasi gani?

Kwa kiasi kilekile lenzi ilichozilainisha. Hakuna picha ya kamera yenye ukingo mkali kabisa. Hata kikombe kilicho ndani ya fokasi kina pikseli moja au mbili ambamo rangi yake na ya nyuma zimechanganyika. Kuza, zihesabu, ulainishe hivyo. Na bega lililo nje ya fokasi huenda likahitaji pikseli 10 wakati jicho la mtu huyohuyo linahitaji moja, kwa hiyo namba moja kwa mwili mzima itakuharibia mahali fulani. Ndani ya maski, chukua brashi ya kutia ukungu na uipitishe begani peke yake.

Kumbuka pia ukubwa wa picha. Pikseli 3 kwenye picha yenye upana wa pikseli 6000 hazionekani. Kwenye ya 800 ni wingu.

Nywele. Nimejaribu kila kitu.

Nakuelewa. Hapa ndipo nimetumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo ile habari ya kijivu inapolipa.

Unywele mmoja mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli moja. Maana yake pikseli hiyo ina sehemu ya unywele na sehemu ya kilicho nyuma yake. Huwezi kuizungushia kitu kama hicho. Unachoweza ni kusema imechaguliwa asilimia 30. Na habari nzuri ni kwamba asilimia hizo tayari zimo ndani ya picha. Zimejificha kwenye chaneli, yaani zile picha tatu za kijivu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, zinazoungana kuwa picha ya rangi.

Tuseme una msichana mwenye nywele nyeusi zilizotimka, nyuma yake anga la bluu. Fungua paneli ya chaneli na uzitazame tatu zake moja moja. Kwenye nyekundu anga ni kijivu cha wastani, na kwenye kijani kuna nafuu kidogo. Kwenye bluu anga limekuwa jeupe na nywele zimebaki nyeusi tii. Hiyo ndiyo unayoitaka. Inakili, usiiguse ya asili, kwa sababu ukiigusa unabadilisha rangi za picha. Kwenye nakala, fungua zana ya viwango, sogeza kitelezi cha weusi na cha weupe kuelekea kati hadi anga liwe jeupe kabisa na kiini cha nywele kiwe cheusi kabisa. Usivisukume hadi mwisho. Ukifanya hivyo, nywele nyembamba za pembeni zitakatika na kuwa kama nyaya.

Kisha chukua brashi nyeusi ya kawaida na ujaze uso na mwili, ambavyo kwenye chaneli vitakuwa vya kijivu. Pembeni kabisa mwa nywele tumia brashi nyeusi iliyowekwa kwenye hali ya kuchanganya (Overlay) ambayo hukoleza palipo peusi na kuacha palipo peupe. Ipitishe kwa wepesi na utaona nyuzi zinajitokeza moja moja huku anga likibaki safi. Ukimaliza, shikilia Ctrl na ubonyeze kijipicha cha chaneli hiyo. Weupe ndio utakaochaguliwa, yaani anga, kwa hiyo geuza. Sasa una nywele.

Tahadhari moja: chaneli ya bluu huwa na chembechembe nyingi kuliko nyingine. Vihisi vya kamera nyingi vimepangwa kwa mpango aliobuni Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976, ambapo nusu ya vijicho vya kupokea mwanga ni vya kijani, robo vyekundu na robo vya bluu. Bluu inabaki na taarifa chache. Kama picha ilipigwa gizani, tia ukungu kidogo sana kwenye nakala ya chaneli kabla ya kugusa viwango.

Photoshop ina chumba maalumu cha kusafisha uteuzi na maski, kilichokuja mwaka 2016, chenye brashi ya kutafuta nywele. Kinafanya kazi nzuri na mimi huanza nacho. Lakini nyuma ikiwa na rangi moja, mbinu ya chaneli bado huwa inanipa nyuzi nyingi zaidi.

Nimemtoa vizuri, nikamweka kwenye picha nyingine, sasa ana mstari mweupe pembeni.

Hayo ni mabaki ya mandhari ya zamani ndani ya zile pikseli zilizochanganyika. Kwa vitu vigumu, punguza uteuzi kwa pikseli moja kabla ya kuufanya maski, inatosha. Kwa nywele usipunguze, utazipoteza. Tengeneza leya mpya juu ya mtu, ifunge ili ipake ndani ya umbo lake tu, chukua rangi ya nywele zilizo ndani zaidi, kisha paka pembeni polepole kwa brashi laini. Umbo la nywele linabaki na rangi ya anga la zamani inaondoka.

Kioo, moshi, shela je?

Vitu hivi havina sehemu ya ndani inayoweza kuchaguliwa kikamilifu. Moshi uliopigwa mbele ya kitambaa cheusi usiuchague hata kidogo: weka leya yake kwenye hali ya kuchanganya inayong'arisha (Screen), na weusi wote utatoweka wenyewe huku moshi ukibaki na uwazi wake wa asili. Kivuli ni kinyume chake. Kama kimeangukia kwenye karatasi nyeupe, kiweke kwenye hali ya kuzidisha (Multiply), weupe utapotea. Glasi igawe: ukingo kwa kalamu, tumbo kwa maski ya kijivu, na mng'ao wake mweupe kwenye leya ya peke yake.

Siku hizi programu inachagua mtu kwa kubonyeza mara moja. Haya yote ya nini?

Itumie, ni msaada mkubwa. Wazo lenyewe lina miaka mingi. Mwaka 1995 Eric Mortensen na William Barrett walionyesha mkasi unaojinasia kwenye ukingo unaoufuata kwa kipanya. Mwaka 2004 watafiti wa Microsoft huko Cambridge, Uingereza, walitoa GrabCut, ambapo unazungushia boksi na kompyuta inakisia kilicho mbele na kilicho nyuma. Mwaka 2023 Meta ilitoa mfumo uliofundishwa kwa picha milioni 11 na maski zaidi ya bilioni moja.

Mashine imeona vitu vingi kiasi kwamba inajua mtu ni nini. Isichokijua ni unataka nini. Itamchagua mama na kumwacha mtoto aliyembeba mgongoni, kwa sababu haikujua kwamba hao kwako ni kitu kimoja. Itaziba pengo kati ya mkono na kiuno. Itakata vidole vinavyofanana rangi na meza. Kwa hiyo bonyeza mara moja, kisha bonyeza Q, tembea ukingo wote ukiwa umekuza, na hapo utahitaji yote yaliyoandikwa hapo juu.

Nifute nyuma, au nitumie maski?

Maski. Kila mara.

Niliwahi kumtengenezea mtu picha ya mzazi wake aliyekwisha kufariki, faili moja tu iliyobaki. Nilifuta nyuma, nikahifadhi juu ya ileile, nikafunga. Siku iliyofuata tukagundua sikio la kushoto nimelila kidogo, na hapakuwa na pa kulirudishia. Nilikaa jioni nzima nikilijenga upya kutoka sikio la kulia. Lilikaa, lakini si sikio lake, na yeye na mimi tunajua. Ningetumia maski, ningepaka nyeupe kwa sekunde tano na sikio likarudi.

Ukiwa na siafu, bonyeza kitufe cha kuongeza maski chini ya paneli ya leya. Nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, hakuna kinachokufa.

Brashi haipaki kabisa. Programu imeharibika?

Yaelekea kuna uteuzi mdogo uliousahau mahali fulani, au siafu wamefichwa, kwenye Photoshop kwa Ctrl+H. Ondoa uteuzi: Ctrl+D kwenye Photoshop, Ctrl+Shift+A kwenye GIMP. Angalia pia uko kwenye leya gani, na kama umeshika leya yenyewe au maski yake.

Nimefuta, badala ya uwazi napata rangi nyeupe.

Leya yako haina chaneli ya alfa, ile inayohifadhi uwazi. Kwenye GIMP iongeze kupitia menyu ya leya. Kwenye Photoshop fungua kufuli la leya ya chini. Kama uwazi ulikuwepo na ukapotea baada ya kuhifadhi, ulihifadhi kama JPEG, ambayo haijui uwazi. Tumia PNG au WebP.

Naweza kuhifadhi uteuzi niurudie kesho?

Ndiyo, hifadhi kama chaneli, kisha faili iwe PSD au TIFF kwa Photoshop, XCF kwa GIMP. Ipe jina. "Alfa 7" haitakuambia kitu wiki ijayo.

Nitajuaje kazi imeiva?

Weka chini ya mtu wako leya tatu: nyeusi, nyeupe, na kijani kikali. Ziwashe moja baada ya nyingine ukiwa kwenye asilimia 100. Nyeusi inafichua mabaki meupe, nyeupe inafichua mabaki ya giza, na kijani kinafichua matundu uliyoyasahau ndani ya mwili, hasa chini ya kwapa na katikati ya vidole. Kisha punguza hadi picha nzima ienee kwenye kioo, ondoka uende ukanywe maji, urudi uitazame upya. Jicho likienda moja kwa moja usoni, hifadhi. Likienda begani, kuza tena bega.